Kilo Tatu za Mzee Malale

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao mbele ya stoo ya mazao hapa Shanwe, na mimi sikupaswa kuwa hapo kabisa, wanawake wanapita, wanasalimia, wanaendelea na safari, lakini mizani ya karibu ambayo mtu mzima anaweza kusimama juu yake ni hiyo ya kupimia magunia, na sista Romana, nesi anayemhudumia baba mkwe nyumbani, alisema apimwe kila asubuhi kabla hajala, mizani ile ile, akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu nimpigie simu hata awe kanisani. Basi kila asubuhi namleta, hatua kumi tunapumzika, hatua kumi tunapumzika, mwanangu Joséline mgongoni, na kila asubuhi wanaume watatu wanatungoja kama wanaongoja matokeo ya mpira. Mwenye mizani ni Melkiadi, wanamwita Mizani, mnunuzi wa mahindi, anauma punje moja anakuambia shambani kwako mvua ilinyesha lini. Muuza kahawa ni Gelasius, huyo ni Profesa, kwa sababu zamani alifagia maabara ya shule. Wa tatu ni Rénovat wa bodaboda, jina lake Breki, kwa sababu hana.

Baba mkwe wangu ni Mzee Malale, ana miaka sabini na tisa, moyo wake umechoka kusukuma damu, analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Mume wangu Methusela yuko Ikola kwenye kazi ya dagaa, wiki ya tatu sasa. Jumamosi baba alikuwa kilo hamsini na nane, Jumapili nusu zaidi, jana hamsini na tisa na nusu. Jumanne hii viatu vilimgomea, nikaona miguu imejaa, nikampigia sista kabla hata ya kutoka nyumbani, ingawa Jumapili Methusela alinikataza kwa simu, alisema huyo sista asikanyage tena pale kwetu. Sikumwambia mtu kama nimepiga. Nikamleta baba kwenye mizani kama kawaida.

Mizani: Tulia mzee, usishike ukuta. Sitini na... sitini na moja!

Breki: Sitini na moja! Malale juu! Malale juu!

Profesa: Kilo tatu ndani ya siku tatu. Nilisema au sikusema? Hizo ni karanga zangu.

Mimi: Karanga gani?

Profesa: Za chumvi. Namtilia mfukoni kila siku wewe ukiwa unafunga mtoto. Mzee alikuwa anaisha, tukasema tumjenge.

Chumvi! Chumvi ndiyo ya kwanza sista aliyoikataza, nyumbani napika mboga haina ladha mpaka mtoto anatema, kumbe mzee anakuja kujilipizia hapa. Nikamwangalia baba. Akaangalia pembeni.

Mzee Malale: Zilikuwa tamu.

Alisema hivyo tu, halafu akavuta pumzi mara tatu kama mtu aliyepanda mlima.

Mimi: Baba Melkiadi, hizi kilo siyo nzuri. Sista alisema zikiongezeka haraka hivi ni hatari.

Breki: Shemeji, huyo sista achana naye kabisa. Kule Kasokola alikwenda kwa mzee mmoja Jumanne, Jumamosi wakafunga turubai la msiba.

Mizani: Yule si alipigwa na radi?

Breki: Ndiyo. Sasa jiulize, radi ilijuaje nyumba?

Profesa: Breki ana hoja. Ile kitu wanaita huduma shufaa, mimi naifahamu kisayansi. Hospitali wana daftari. Wakiona mtu hana njia, wanamtuma mwenye daftari, anakuja na sauti ya upole. Ukiona nesi anakuwa mpole kwako, jua umeshahesabiwa.

Breki: Ndiyo maana mimi nilimpigia Methusela kule Ikola. Nilipiga kwa upendo.

Kumbe ni yeye! Nilitaka kumrushia kikombe, lakini nilikuwa na mtoto, na pia nilikuwa naogopa, kwa sababu nusu yangu ilikuwa inamwamini. Sista alinieleza vizuri, alikaa jikoni kwangu saa nzima, alisema huduma hii haingoji mtu afike mwisho, inaanza mapema, dawa za moyo zinaendelea zote, wao wanakuja kupunguza mateso ya mgonjwa na mateso ya anayemtunza. Nilielewa. Nimefika kidato cha nne, si mjinga. Lakini ukibaki peke yako na mtu anayepumua vile, ulichoelewa kinakimbia, unabaki na jambo moja tu, kwamba akinifia mikononi mume akiwa ziwani watasema mkwe amemmaliza mzee, tena mkwe Mrundi wa makazi ya wakimbizi Katumba, na nitajitetea kwa kipi?

Mizani: Lakini mama Joséline, mtu kuongezeka ni afya. Gunia likiongezeka uzito mimi nafurahi.

Hapo sijui maneno yalitoka wapi, yalitoka yote kwa mpigo.

Mimi: Unafurahi? Mtu akikuletea gunia la mahindi leo kilo mia, halafu keshokutwa gunia hilo hilo, punje zile zile, kilo mia na tano, unanunua?

Mizani: Thubutu! Hilo limemwagiwa maji.

Mimi: Umejuaje?

Mizani: Mahindi hayaongezeki ndani ya gunia, mama. Yamekwisha kuvunwa hayo. Kinachoongezeka ni...

Akamwangalia baba kuanzia kichwani, akashuka polepole mpaka kwenye zile ndala, maana baba alikuja na ndala za kwangu za waridi, viatu vilikataa. Melkiadi akainama, akaona miguu. Nilidhani ataiuma.

Mizani: Jamani. Huyu mzee ana unyevu.

Breki: Unyevu?

Mizani: Tumeshangilia maji! Profesa, tumeshangilia maji siku tatu nzima!

Profesa hakutaka kushindwa. Aliweka birika chini, akakunja mikono.

Profesa: Sawa. Mimi nilikuwa nakaribia kusema hivyo. Kama ni unyevu, dawa yake inajulikana. Mahindi mnayafanyaje?

Breki: Tunaanika.

Profesa: Basi mzee aanikwe. Turubai lipo, jua la Mpanda lipo. Masaa mawili chali, masaa mawili kifudifudi.

Breki: Na kumgeuza kwa reki.

Mizani: Reki ya nini, tumgeuze kwa mikono, huyu ni binadamu.

Profesa: Au apakizwe kwenye bodaboda mpaka Ikola na kurudi, upepo utamkausha njiani, na mwanawe atamwona.

Breki: Naweza. Kwenye mteremko sitasimama, ila naweza.

Mzee Malale: Mimi sianikwi.

Mizani: Mzee, hapa tunajadili afya yako, usituingilie.

Mwanamke mmoja akawa amefika tukiwa katika hilo, na begi mgongoni, raba zake zimejaa vumbi. Nilimjua, nikajifanya namfunga mtoto vizuri. Aliwaamkia wazee, akaomba kahawa. Breki akasogea ampe nafasi.

Breki: Karibu mama, mahindi umeyaacha wapi?

Sista: Sina mahindi. Endeleeni, mlikuwa mnazungumza.

Breki: Tunamwonya huyu shemeji. Kuna nesi mmoja anazunguka na daftari, akiliandika jina lako huna wiki.

Sista: Wewe umemwona?

Breki: Mrefu. Mweusi tii. Macho mekundu, hacheki, hanywi hata maji ya mtu.

Sista alimaliza kahawa yake, akasema ni nzuri, akaomba aongezewe. Halafu akafungua begi, akatoa daftari, akaniuliza: mdogo wangu, leo mizani inasema ngapi?

Breki alipaliwa. Profesa akamtazama sista juu mpaka chini, akasema taratibu, kama anayesahihisha mtihani: mfupi.

Mimi: Sitini na moja. Na amekula karanga za chumvi. Na baba Joséline amekataza usije, na mimi nimekupigia hivyo hivyo.

Nilisema yote mara moja nisije nikashindwa. Sista hakushtuka hata kidogo. Alichuchumaa mbele ya baba, akaomba ruhusa, akabonyeza mguu kwa kidole gumba, akaondoa kidole, shimo likabaki pale kama kwenye unga wa chapati. Benchi zima likainama kuangalia. Akampigia simu daktari, wakaongea, kisha akanionyesha ni kidonge kipi baba aongezewe leo, kile cha kutoa maji, na Alhamisi tunapelekana kliniki, na kifua kikibana kabla ya hapo tusingoje Alhamisi. Akasema nimepiga mapema, kwamba ningesubiri siku mbili nyingine tungekuwa tunakimbizana na gari. Alisema tena, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba hakuja kumuaga mtu.

Breki: Lakini daftari ni la nini?

Sista: Nakumbukia dozi. Unaitwa nani?

Breki: Mimi sina jina.

Baba akacheka, mpaka akakohoa, na sista akamwekea mkono mgongoni amsaidie kukaa wima. Akainua shati kidogo asikilize mapafu. Halafu akateremsha shati vizuri, akaangalia lile benchi, wanaume watatu ambao tangu asubuhi walikuwa wamejibu kila kitu, na akauliza swali dogo tu:

Sista: Nani anamwogesha?



Mimi ningejibu nini? Kwa kina Malale mkwe hamgusi baba mkwe, hata kikombe unakiweka chini yeye anakiokota, na tangu Methusela aondoke naweka maji nyuma ya pazia, natoka nje, nageukia ukutani, namsikiliza anavyohema akijaribu kuufikia mgongo wake mwenyewe, na hawezi kuufikia, na mimi siwezi kuingia, na nikisikia kimya nasema Mungu wangu ndiyo hivyo. Nililitazama vumbi. Baba alitazama ndala za waridi. Profesa alifungua mdomo, nikaona kabisa nadharia inakuja, ikarudi. Breki alikuwa anasugua kioo cha pikipiki ambacho hakijawahi kusuguliwa.

Mkulima mmoja akafika na magunia mawili kwenye baiskeli, akasema nipimie nina haraka. Melkiadi hakumwangalia, alimgeukia baba akamwamkia upya kwa Kisukuma.

Mizani: Mwangaluka, Malale. Sisi tumejuana miaka mingapi?

Mzee Malale: Tangu una meno.

Mizani: Basi twende. Mama Joséline, sabuni iko wapi?

Mimi: Dirishani.

Mizani: Breki, mshike upande ule. Polepole, usimkimbize. Profesa, injika maji.

Profesa: Ya moto kiasi gani? Maana kitaalamu...

Mizani: Ya kuoga, Profesa! Ya kuoga!

Wakaondoka naye, hatua kumi wanapumzika, hatua kumi wanapumzika, wanabishana kama mgongo unaanzwa juu au chini. Sista akanifungua mtoto mgongoni bila kuniuliza, akaniambia kaa. Nikasema sisi hatukai hapa. Akasema kaa. Akanimiminia kahawa iliyobaki kwenye birika. Yaliyofuata nilisimuliwa tu, kwa sababu nililala pale pale kwenye benchi, kikombe mkononi, mdomo wazi, na wanasema yule mkulima wa baiskeli alijipimia magunia yake mwenyewe, kwa kunong'ona.