Siku Nguzo ya Antena Ilipolala Juu ya Waya

Sifa zimrudie Bwana, ndugu zangu! Zimrudie tena na tena, maana leo nimesimama hapa, na mama yangu amekaa pale kiti cha mbele karibu na dirisha, na sote wawili tunapumua! Shikamooni wazee wangu. Wageni wetu, karibuni. Kwa wale wasionijua, mimi ndiye Baba Umazi, askari wa lango katika nyumba moja ya wageni kule Diani. Kwangu ni hapa hapa Msambweni, ukiishika njia ya kwenda Bodo.

Nimekuja kushuhudia, lakini pia nimekuja kuungama. Mmewasikia akina mama wa ushirika wakisema kwamba Baba Umazi ameshukiwa na roho wa maombi, aliomba karibu saa nzima bila kupumzika. Wiki iliyopita nikaambiwa eti niwe kiongozi wa maombi wa ushirika wetu. Mke wangu Mbeyu aliposikia alinitazama tu, akasema, "Baba Umazi, utasema mwenyewe au niseme mimi?" Basi nasema mwenyewe, kabla hajainuka pale alipo.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa fundi wa kila kitu. Tangi likivuja, ni mimi. Redio ikikoroma, ni mimi. Mlango wa chuma mnaouona pale kwangu niliutia mwenyewe, na fremu ilipolegea nikaifunga kwa waya mnene hadi kwenye bati la paa, nikasema kazi imekwisha. Kumwita fundi niliona ni aibu ya mwanamume. Na maombi je? Msinicheke. Ombi langu lilikuwa "Bwana bariki chakula, Amina," na mkono uko ndani ya sahani tayari. Ushirika ukija kwangu, nilikumbuka zamu yangu ya Diani hata siku ambayo sina zamu.

Mama yangu tulimtoa Kinango miguu ilipomshinda. Mwanamke huyu alikuwa haikosi ibada, iwe mvua iwe jua, na sasa kutoka kitandani hadi mlangoni ni safari. Hakudai nguo, hakudai nyama. Aliniomba jambo moja tu, aione ibada ya Jumapili kwenye televisheni. Televisheni ipo, lakini picha ilikuwa ikikatikakatika. Mhubiri anaganda mdomo wazi, na mama anamngojea kwa adabu amalize neno lake! Iliniuma. Nikaona dawa yake ni moja, antena ipande juu kuliko minazi yote.

Kule kazini palikuwa na bomba la chuma lililotolewa kisimani. Nikapewa. Nikaliunga na kipande kingine, likawa refu hadi Mbeyu akaliona limelala uani akauliza kama tunachimba kisima. Nikamwambia ni nguzo ya antena. Akatazama juu. Ndugu zangu, nyaya za umeme zinapita ubavuni mwa nyumba yangu, kutoka nguzo moja ya njiani hadi nyingine, na ni nyaya tupu zisizovikwa kitu. Mbeyu anafua nguo katika hoteli, na huko waliwahi kufundishwa mambo ya umeme na chuma. Akaniambia, "Baba Umazi, hili bomba likianguka litafika kwenye waya." Nikamjibu, "Kwani nani kasema litaanguka?" Asubuhi yake akanirudia kwa upole, nikamwambia akafue.

Basi Jumamosi mchana nikawaita wawili, shemeji yangu Mwero, ndugu yake Mbeyu, na jirani yangu Bakari. Upepo ulikuwa unavuma. Mwenye akili angeahirisha, lakini mimi nilikuwa nimeshamwahidi mama kwamba kesho anaiona ibada. Mama alikuwa ndani, kwenye kitanda chake cha kamba. Tukalisimamisha bomba kama tunavyosimamisha nguzo za nyumba, mmoja anaita na wengine wanasukuma. Mnajua desturi yetu, nguzo ikiyumba hakuna kuachia. Anayeachia huchekwa mpaka anazeeka. Bomba likafika juu, antena ikatikisika, upepo ukaipiga, likaanza kulala upande wa waya. Na sisi tukafanya lile tulilolizoea tangu ujana wetu. Tukang'ang'ania!

Mbeyu akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kinywani mwake. "Achieni! Achieni, mnataka kufa nyote?" Mwero na Bakari wakanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mwitaji na nguzo humsikiliza mwitaji mmoja. Ndugu zangu, ni Mungu aliyekifungua kinywa changu. Nikasema, "Achieni!" Tukaruka nyuma sote watatu, kabla bomba halijafika kwenye waya. Likaupiga. Cheche zikamwagika, mlio ukapasua masikio, kisha likatulia. Kichwa chake kimelala juu ya waya, na kiuno chake kimelala juu ya bati la nyumba yangu.

Tukacheka! "Wallahi," Bakari akasema, "tumepona!" Tukakumbatiana. Mbeyu hakucheka. Akanyoosha kidole kwenye bati, akakishusha kwenye ule waya mnene, akakifikisha kwenye mlango wa chuma. Bati lilikuwa likivuma kama nyuki. Mama yuko ndani, na mlango ni ule mmoja.

Nikataka nikimbie nikalivute bomba. Mbeyu akanishika shati kwa nyuma hadi vifungo vikakatika. Akasema, "Ukiligusa, nitawazika wawili." Mwero akawapigia simu watu wa stima. Wakasema tusisogee, tusiguse chochote, gari lao liko upande wa Bodo na linakuja.

Nikapaza sauti, "Mama, usitoke! Kuna umeme!" Lo, ndilo kosa jingine! Mama yangu ukimwambia nje kuna hatari, yeye hutoka, kwa sababu mwanawe yuko nje. Akajibu, "Umeumia? Nakuja, mwanangu!" Nikasikia kitanda kikilia. Nikasikia fimbo yake sakafuni. Kok. Kok. Nikalia, "Mimi mzima, mama, keti!" Fimbo ikazidi kuja. Hakuniamini. Mtoto aliyeumia ndivyo asemavyo siku zote.

Kuna jambo moja tu linalomkalisha mama yangu. Ombi likianza, yeye huketi pale pale alipo, hufumba macho, na hata nyumba iwake moto hainuki mpaka Amina isemwe. Ametulea hivyo. Tulipokuwa watoto tulichapwa kwa kufumbua jicho moja. Basi mimi, mtu wa kubariki chakula, nikapaza sauti uani saa nane mchana, "Tuombe! Baba yetu uliye mbinguni, tunakuja mbele zako!"

Fimbo ikanyamaza. Nikasikia kiti kikiburutwa. Na ndani sauti yake ikaitika, "Ee Bwana."

Ndugu zangu, hamjui Amina ni neno zito namna gani mpaka mkatazwe kulisema! Niliombea nchi. Niliombea hospitali, walimu, madaktari. Niliwaombea wavuvi wa Funzi, madereva wa tuktuk wa Diani, na watalii wote warudi kwao salama. Niliombea mbuzi wa Kinango mmoja mmoja. Nilimwombea hata msimamizi wangu wa kazi ambaye hatuzungumzi. Majirani wakaanza kukusanyika nje ya uzio, na Mbeyu anawazunguka kidole mdomoni, asithubutu mtu kuitikia Amina. Bakari, ambaye kwao dua haipiti bila kuitikiwa, alivua kofia yake akaitia mdomoni akaiuma.

Na kila mama alipoitika "Ee Bwana" nilijua angali hai. Mara akanyamaza. Nikaomba, hakuitika. Nikaomba kwa nguvu zaidi, kimya. Kisha akakohoa, akasema, "Endelea, nasikia." Machozi yakanitoka mbele za watu.

Maneno yakaniishia. Sina nchi tena ya kuombea, sina mbuzi. Nikabaki na kitu kimoja kinywani, naye ni mama mwenyewe. Nikasema, Bwana, huyu mwanamke alinibeba mgongoni kutoka Kinango hadi zahanati nilipokuwa na homa. Bwana, alikuwa akisema ameshakula ili sisi tule, na mimi nilijua hajala, nikala. Bwana, nimemleta kwangu nikamwekea kitanda na televisheni, lakini kukaa naye sikai. Bwana, nimeambiwa mara mbili juu ya waya nikajifanya najua. Nihesabie mimi, si yeye! Ndugu zangu, hapo sikuwa namzuia mtu tena. Hapo nilikuwa naomba. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu.

Gari la watu wa stima likaingia. Mmoja akaenda akakata umeme wote wa upande ule, mwingine akapima waya, akapima bati, akapima mlango. Wakaliondoa bomba. Kisha yule aliyekuwa akipima akanigeukia, akainua kidole gumba. Nikasema Amina! Kijiji kizima kikaitikia, na Bakari akaitoa kofia mdomoni akaitikia mara tatu! Mama akafungua mlango, mkono wake juu ya chuma kile kile, akatoka na fimbo yake, akaniona nimepiga magoti vumbini. Akasema, "Bwana amekutembelea, mwanangu." Nami badala ya kumweleza, nikasema, "Ndiyo, mama." Akauliza, bomba je? Nikasema lilianguka tu.

Antena sasa ipo, na picha ni safi. Alikuja fundi wa kweli kutoka Ukunda. Aliangalia nyaya kwanza kabla ya kuangalia paa. Akaniambia antena ikae mbali na waya kuliko urefu wa nguzo yake, na pabaki nafasi nyingine zaidi ya hapo, ili hata ikianguka yote isifike. Akazima umeme wa nyumba kwenye swichi kuu. Akaja na ngazi ya mbao kavu, mtu akaishika chini. Siku ya kwanza aliona upepo na wingu, akarudi kwao bila kupanda. Akatia waya wa kushusha umeme ardhini, na ile takataka yangu ya mlangoni akaikata akaitupa. Na nguzo aliyoweka, ndugu zangu, haifiki hata kimo changu! Aliigeuza antena tu, ikaelekea inakotakiwa. Mimi nilikuwa nimeielekeza baharini.

Sasa mama, leo ndiyo mara yako ya kwanza kusikia. Tumekuleta kwa tuktuk makusudi uyasikie kinywani mwangu. Sikushukiwa na roho. Niliogopa. Nusura nikuue kwa kiburi changu, na ombi lile niliomba ili usifike mlangoni. Uongozi wa maombi siustahili. Nisamehe, mama.

Anainua mkono. Mama anataka kusema. Haya, mama, sema, watu wakusikie.

Mmemsikia? Ngoja niyarudie kwa walio nyuma. Anasema, "Nilijua unanizuia, mwanangu. Bati lilikuwa likilia juu ya kichwa changu, na mimi si kiziwi. Nilitaka kuinuka kabla ya Amina nirudi kitandani, mbali na mlango. Lakini ulipoanza kunitaja, nikasema hata nikifa leo, kwanza nimalize kusikiliza."

Ee Mungu wangu. Nipeni dakika.

Ndugu zangu, nawasihi. Ukitaka kupanda juu ya bati, tazama waya kwanza, mwite anayejua, na ukionywa na mkeo, nyamaza umsikilize. Na wewe unayemwogopa Mungu kwa mbali kama nilivyokuwa mimi, mjie leo, nguzo ingali imesimama. Hachagui maneno. Alinipokea sina hata moja. Na kama una mama, usingoje bati livume ndipo umtaje.

Mama, fumba macho. Baba yetu uliye mbinguni, huyu ni mama yangu. Safari hii simzuii kwenda popote.