Swali la Mikono Iliyojikunja

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, Mkuu wa Kitivo cha Tiba, walimu wetu, wauguzi na wafanyakazi wenzetu wa hospitali, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

KARIBU KWETU

Sisi madaktari watafiti chipukizi tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Umekuja kufungua jengo jipya la utafiti, nasi tunakushukuru kwa dhati. Jengo lina mwanga wa kutosha, majokofu yake hayazimiki umeme ukikatika, na milango inafunguka kwa kadi. Sisi bado hatuna kadi, kwa kuwa hutolewa kwa wenye miradi iliyopata ufadhili. Lakini leo milango imeachwa wazi kwa heshima yako, kwa hiyo na sisi tumeingia.

SISI NI NANI

Umoja wetu ulianzia kwenye chumba cha chai cha wodi ya upasuaji. Tulikuwa tukikaa pale baada ya zamu, kila mtu na kikombe chake, tukielezana mambo yanayotusumbua kichwani. Mwenzetu tunayemwita Babu, ingawa ndiye mdogo kuliko wote, alitaka kujua kwa nini wagonjwa wa presha huacha dawa wakishajisikia nafuu. Mwingine, mama wa mapacha, alitaka kujua kwa nini muuguzi akisema mgonjwa anabadilika, daktari hufika mambo yameshaharibika. Hatukuyatoa vitabuni maswali hayo. Yalitukuta kazini.

TULICHOFANIKISHA

Mgeni rasmi, tungependa kueleza jambo moja tu, tena kwa urefu kidogo. Utuvumilie.

Mwenzetu mmoja aliyekuwa akisomea upasuaji alipangiwa wodi ya watoto walioungua. Wodi nzima ilimwita Dada. Aliona watoto wanapona vidonda vizuri, wanaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha wanarudi vidole vimejikunja, havifunguki. Wote walikuwa wamepewa gango, kifaa kigumu cha kunyoosha mkono, na karibu wote walikuwa wamevuliwa gango hilo nyumbani. Kwenye mafaili tulikuwa tukiandika "mzazi hakufuata maelekezo", tunaendelea na mgonjwa mwingine.

Dada aliuliza. Mama mmoja, fundi cherehani, aliyekuja na binti yake, akamjibu:

"Daktari, hilo gango linamkwaruza penye ngozi mpya. Nikimfunga analia mpaka majirani wanagonga mlango, wanadhani nampiga. Wewe ungefanyaje?"

"Ningelivua," Dada akasema.

"Basi ndivyo nilivyofanya."

Dada akaandika andiko la utafiti, akalipeleka kwa mkuu wa idara.

"Swali ni zuri, mwanangu," mkuu wa idara alimwambia. "Lakini nani ataligharamia? Chukua ule mradi wa dawa mpya ya vidonda. Wafadhili wako tayari."

Aliuchukua, maana mkataba wake ulitegemea hilo. Kwa swali lake mwenyewe akapata kibali cha kamati ya maadili, akawa analifanyia kazi siku zake za mapumziko. Yeye pamoja na mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo na yule fundi cherehani walijaribu kulivika gango kitambaa laini kinachofulika. Cha kwanza kilishika jasho, watoto wakawashwa, ikabidi waanze upya. Cha pili kilikubali. Watoto wakaanza kulala na gango mkononi, na wengi wao waliporudi kliniki vidole vilikuwa vimenyooka.

Alipowasilisha matokeo, mkuu wa idara aliuliza, "Hii ni tiba au ni ushonaji?"

Ukumbi ukacheka. Dada akangoja kicheko kiishe, akasema, "Profesa, mimi nilitaka mkono ufunguke tu."

Mkuu wa idara yupo hapa leo. Ametupa ruhusa tulisimulie hili, na ametuomba tuongeze kwamba baadaye alikwenda wodini peke yake, akaketi ukingoni mwa kitanda, akawaomba watoto wamwonyeshe mikono mmoja mmoja. Hajauliza tena swali lile.

CHANGAMOTO

Hata hivyo, mkataba wa Dada ulipofika mwisho, kazi ile haikuhesabiwa, kwa sababu haikuwa kwenye vipaumbele vya kitivo. Mradi wa dawa nao ulikuwa umesimama, wafadhili wakiwa wamehamia kwingine. Mkuu wa idara alimwandikia barua ya kumpendekeza, haikusaidia. Sasa Dada yuko mji mwingine, kwenye kliniki ya urembo wa ngozi. Hatumlaumu. Ana wazazi wanaomtegemea.

Tangu aondoke, tumejifunza kuanza na swali moja: mfadhili anataka nini? Babu yuko kwenye mradi wa ugonjwa ambao hajawahi kumwona mgonjwa wake hata mmoja. Anaufanya vizuri. Chumba cha chai bado kipo, ila siku hizi tunazungumza habari za mpira.

MAOMBI YETU

Tunaomba kadi za milango. Tunaomba alasiri moja kila wiki isiyo na zamu, iwe ya utafiti. Tunaomba fungu dogo, hata la majaribio, kwa maswali yanayotoka wodini, na kazi za namna hiyo zihesabiwe mtu anapotafuta ajira au kupandishwa cheo.

Jambo la mwisho si ombi hasa. Tulipompigia Dada simu kumwomba idhini ya kumtaja, alikubali, kisha akauliza, "Sasa hivi nani anawafuatilia wale watoto?"

Tulimwambia ukweli, kwamba hakuna. Akasema sawa, akatuaga kwa upole.

Mgeni rasmi, tungependa kumpigia tena tukiwa na jibu jingine.

Mungu akujalie afya, akurudishe salama kwa familia yako, na awape nafuu wote waliolala katika wodi zetu wakati huu tunapozungumza hapa.

Ni sisi,
Umoja wa Madaktari Watafiti Chipukizi.
Imesomwa na Katibu kwa niaba ya wenzake.