Kidole cha Chuma na Ugali wa Shangazi Bertilla

— Sasa mashine isiyo na meno itajuaje ugali mgumu?

Swali alilitupa Mzee Gaudensi, Isdori akiwa anamimina kahawa na mimi naisoma barua kwa mara ya tatu, kwa sauti ya kugomba. Kijiwe cha Isdori kipo Mazwi, mjini kwetu huku Ufipa, benchi moja refu lililoegemea banda la shangazi yangu Bertilla, mama lishe. Mwezi wa sita huu, upepo wa milima ya Mbizi unaingia mpaka kwenye soksi, na vikombe watu wanavishika kwa mikono miwili. Mzee Gaudensi tunamwita Mizani: alipima magunia ya mahindi miaka ishirini, na hadi leo akikusalimia kwa mkono anakutajia kilo zako. Calvin, fundi pikipiki, ni Injinia. Mimi, tangu nianze midahalo chuoni, wamenibatiza Hoja. Barua yenyewe ilitoka shule moja ya bweni ya wasichana. Walikuwa wanatafuta mpishi mkuu, wakakusanya ugali wa ulezi kutoka kwa waombaji sita, wakaupima kwa mashine. Wa shangazi ukashika mkia. "Ugumu umezidi kiwango." Jina la mpishi linatangazwa Ijumaa, na siku hiyo tuliyokaa pale ilikuwa Jumatano. Shangazi alikuwa ndani, anaosha masufuria aliyokwisha kuyaosha.

Injinia: Hoja, hebu tulia, eleza. Hiyo mashine inafanyaje?

Mimi: Ina kidole cha chuma. Kinashuka taratibu kwenye tonge, kikizama, kioo kinaandika kimesukuma kwa nguvu kiasi gani. Ugali laini, namba ndogo. Ugali mgumu, namba kubwa. Mwisho wao kumi. Shangazi kapata kumi na nane.

Mizani: Kumi na nane si ndiyo kubwa?

Mimi: Ndiyo kubwa, mzee.

Mizani: Basi kashinda! Tangu lini mwenye kumi na nane akafungwa na mwenye kumi?

Isdori: Mzee, huu sio mpira.

Mizani: Wewe mimina. Ugali wa ulezi lazima usimame. Unabonyeza kidole gumba hivi, shimo linabaki, mchuzi wa samaki wa migebuka unakaa humo hauvuji. Ukivuja, huo ni uji umejisahau. Hiki kidole changu ndiyo mashine.

Injinia: Kidole chako kina sugu la magunia ya miaka ishirini. Kwako hata tofali ni laini.

Nilicheka bila kutaka, nikarudi kwenye hasira yangu haraka kabla haijapoa. Mimi sina ugomvi na kupima, niliwaambia. Pimeni mpaka mchoke. Lakini hicho kiwango kakiweka nani? Kwa ugali wa wapi? Alikula nani akasema hapa ndipo pa mwisho, kuanzia hapa ni adhabu? Namba haijiteui yenyewe!

Isdori: Piga makofi, jamani, Bunge limeanza.

Injinia: Mimi tatizo naliona kwenye springi. Mashine imekuja na basi, imerushwarushwa njia nzima, springi zimelegea. Halafu naweka dau walikoitoa waliifundishia kwenye wali. Wali wa Mtowisa, kule bondeni, wa joto, mlaini. Sasa imepanda huku juu, baridi, inakutana na ulezi wa Ufipa. Inashtuka! Inaandika namba yoyote iliyo karibu.

Isdori: Mashine inashtuka?

Injinia: Pikipiki zinashtuka kila asubuhi hapa. Unapiga kiki thelathini, haitaki hata kukohoa.

Mizani: Wangeipumzisha wiki nzima. Mgeni hapimi kitu siku ya kufika.

Isdori: Nyie mmekwama kwenye springi, mimi naona mbali. Wakimaliza ugali watakuja kwenye kahawa. Kidole ndani ya kikombe: "Isdori, kahawa yako nyepesi." Wakitoka hapa, ukweni. Mchumba anasonga, kidole kinashuka, namba ikizidi, posa inarudi kwa mwenyewe.

Injinia: Na wakwe nao wapimwe! Mama mkwe wangu anafika kumi na nane kabla kidole hakijamgusa.

Isdori: Mwisho wake kanisani. Kidole kinashuka kwenye mahubiri.

Mizani: Yale ya Jumapili iliyopita yangekipinda.

Benchi zima likayumba kwa kicheko. Mimi nikasimama. "Mnacheka, na mtu anakosa kazi keshokutwa! Shangazi amevuta moshi wa banda hili miaka kumi na mmoja, leo kapata nafasi ya jiko lenye dohani, anaangushwa na msumari!" Nikatoa barua ya malalamiko niliyokesha kuiandika, hoja nne, kila moja na kichwa chake cha habari. Nilikuwa kwenye ya pili, ile ya heshima ya chakula cha asili, gari la shule liliposimama na dereva wao, Obed, akashuka akifikicha viganja.

Obed: Shikamoo mzee.

Mizani: Marahaba. Sabini na mbili. Njaa imo.

Obed: Niwekee kahawa, Isdori. Mnagombea nini?

Tukamwambia, wote kwa pamoja. Akasikiliza mpaka kikombe kikafika nusu.

Obed: Kwenye hiyo barua, wameandika ulipimwa saa ngapi?

Nikageuza karatasi. Mbele hakuna, nyuma hakuna. Mizani akanitazama mimi, mimi nikamtazama Injinia, naye akaangalia saa yake ya mkononi kana kwamba ingekumbuka.

Obed: Nauliza kwa sababu aliyeukusanya ni mimi. Hapa nilianzia, saa mbili asubuhi. Bakuli nikaliweka nyuma, kwenye bodi wazi, nikazunguka kwa wale watano. Wa mwisho niliuchukua saa saba, nikampa mwenyewe kiti cha mbele aupakate. Mvuke wake ulipaka kioo ukungu, nikawa naendesha huku nafuta. Tukaenda moja kwa moja kwenye mashine, kwa dada anayepima.

Mimi: Na huo wa mwisho ndio...

Obed: Ndio wa kwanza.

Hakuna mtoto wa Ufipa asiyejua ugali wa ulezi unavyokuwa mgumu ukisahauliwa kwenye baridi.

Mizani: Saa tano nzima kwenye upepo huu! Hata mimi hicho kidole kingenipima kumi na nane.

Nikazipitia hoja zangu nne, moja moja. Hakuna hata moja iliyokuwa na saa ndani yake. Nikaikunja ile karatasi, nikaikalia.

Shangazi Bertilla alikuwa mlangoni, mikono inachuruzika maji. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Na mimi nilivyowatambia majirani," alisema, "kwamba gari limeanzia kwangu."

Akacheka, kwanza peke yake, kisha na sisi. Halafu akajifuta mikono kwenye kitenge, akamgeukia dereva.

"Obed mwanangu, kesho saa sita niletee huyo dada wa kupima, na mashine yake. Apime ukiwa wa moto, hapahapa, halafu naye aule. Mwambie naomba aje hajala."