Mzee Machibya na Kilima cha Barafu Isiyoyeyuka

Leo Jumamosi, tarehe 31 Mei 2025, Mzee Machibya Kashindye, fundi mkuu wa Jiwe la Fisi Bichi hapa Ilemela, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Alianza Juni 1994. Nimeambiwa nitoe maneno ya kuweka kwenye ratiba ya sherehe, kwa kuwa mimi, Okomo wa winchi, ndiye niliyekaa naye muda mrefu kuliko kiumbe mwingine yeyote wa hapa, ukimtoa yule kenge anayeishi kwenye chumba cha pampu. Shule sikukaa sana, hatukuelewana. Kwa hiyo mimi nasema, na Dada Teodora wa mapokezi anapiga chapa. Mkikuta uongo humu, hayo ni makosa ya uchapaji.

Mzee Machibya alizaliwa Kiseke, kwenye majabali. Utoto wake wote aliutumia kuserereka. Walikuwa wanapasua dumu la mafuta ya kula, wanalikalia, wanashuka nalo jiwe zima mpaka kwenye mihogo ya watu. Anasema alichapwa kwa mchezo huo mpaka darasa la nne, kwa sababu kaptula ilikuwa moja na jiwe halikuwa na huruma. Likumbukeni hilo dumu, tutalirudia.

Alikuja hapa kupasua kokoto. Bichi yenyewe wakati huo ilikuwa vibanda vinne na friji moja ya mafuta ya taa. Sasa watu wengi hudhani hoteli inatengenezwa na wageni. Hapana. Hoteli inatengenezwa masika, wageni wakiwa wamekimbia mvua. Machi mpaka Mei tunafunga lango, ndipo kazi inaanza. Kila masika Mzee Machibya alikuwa na jambo jipya. Masika moja pampu. Masika nyingine ngazi za kupanda kilima, mia moja na kumi na mbili, nazijua kwa majina. Masika ya 2006 akaleta winchi kutoka kinu cha pamba kilichokufa, akaifunga juu ya kilima iwe inavuta toroli la wageni. Mimi ndiye niliyeiwasha mara ya kwanza. Wengine watasema ilikuwa imeshawashwa, ila mimi ndiye niliyeiwasha vizuri.

Kazi yake ina mtindo wake. Boliti haangalii, anaisikiliza. Anaigonga na spana, anainamisha kichwa, kama mtu anayechagua tikitimaji sokoni Igoma. Halafu anasema imeiva au haijaiva. Na ana sheria moja ambayo ameifanya kuwa mila ya hapa: aliyekaza ndiye anayepanda kwanza. Ukifunga bembea, unaibembea wewe kabla ya mtoto wa mtu. Ukitengeneza ngazi, unapanda wewe na gunia la mchele begani. Baada ya hapo ndipo anafungua kile kitabu cheusi cha usalama na kutia saini. Bila saini ile, lango la mchezo halifunguliwi. Miaka thelathini na moja hakuna mgeni aliyevunjika hata kucha kwenye kitu alichosaini yeye. Wafanyakazi tulivunjika kidogo, lakini ndiyo kazi.

Ubishi anao. Kabla ziwa halijapanda mwaka 2020, alikuwa anapigilia msumari kwenye nguzo ya baa kila Jumatatu, pale maji yalipofika. Misumari ikapanda kama ngazi. Akawaambia wakubwa wa wakati ule wahamishe baa. Wakamcheka, wakasema mzee ameanza kuogopa maji. Mwezi mmoja baadaye wateja wanakunywa bia miguu ikiwa ndani ya ziwa, na kambare wanapita chini ya meza. Mimi mwenyewe nilimshika mmoja mwenye uzito wa Meneja Obedi, bila ndoano, kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa na glasi. Mzee Machibya alikuja na nyundo, akapigilia msumari mmoja zaidi, akaondoka.

Sasa tufike kwenye barafu.

Mwaka jana Meneja Obedi alipelekwa semina nchi ya baridi. Akarudi na mafua na video. Kwenye video wazungu wamejifunga mbao miguuni, wanashuka mlima mweupe kama wamefukuzwa. Akatukusanya wote akasema, "Hiki ndicho kitu Mwanza inakosa."

Mzee Machibya akauliza kwa adabu, "Barafu tutaitoa wapi, Meneja? Kwenye friji la sangara?"

"Siyo barafu, Mzee. Ni mazulia. Meupe, yana nywele za plastiki kama brashi ya kusugulia sufuria. Unayamwagia maji, mtu anakaa kwenye mpira wa ndani wa tairi la trekta, anaserereka."

Mzee Machibya akasema, "Huu mchezo nilichapwa nao mpaka darasa la nne. Leo mnaukatia tiketi."

Lakini alifurahi. Mimi namjua, alifurahi mpaka akasahau kubisha. Alipima kilima kwa kamba na hatua zake mwenyewe, akachora, akang'oa mawe yote yenye meno. Kazi hii ndiyo aliyotaka kuondokea. Watoto arobaini wa shule jirani wakaalikwa kuja kufungua Kilima cha Barafu siku hiihii ya leo.

Mwanzoni mwa Mei kaka yake akafariki kule Magu. Akaenda kwenye msiba, siku kumi. Kabla ya kupanda gari alinishika bega akasema, "Okomo, mazulia yakifika, msiyaguse. Mkishindwa kuvumilia, anzieni chini." Nikamwambia Mzee, nenda kazike, hapa pana mtu.

Mazulia yakafika, mia moja na sitini, yamekunjwa kama mikeka. Lori haliwezi kufika chini, barabara inaishia juu ya kilima. Kwa hiyo mzigo wote upo juu. Sasa niambieni ninyi wenye vyeti: mtu mwenye akili anabeba mzigo kuupeleka chini, ili aanze kulaza akirudi juu? Mimi nikasema hapana, tunaanzia juu, tunashuka nao, kila zulia linalofuata linakalia ncha ya lililotangulia. Alexander, msaidizi wa Mzee Machibya, akasema, "Baba, Mzee alisema chini." Nikamjibu, "Mzee yuko Magu, mimi niko hapa." Siku nne tukamaliza kilima kizima. Kilipendeza. Meneja alipiga picha hamsini, na katika arobaini na nane nimo.

Mzee Machibya alirudi amenyolewa kichwa kwa msiba. Alipanda ngazi zote mia moja na kumi na mbili, akatazama chini. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa. Tulimpa pole ya kaka, akaipokea huku anacheka na machozi yanatoka, sikujua ni ya lipi.

"Okomo, nyumba ya mama yako mliiezeka kuanzia kileleni?"

"Kwetu tumeacha nyasi siku nyingi. Tuna bati."

"Na bati linaanzia wapi?"

Hapo nikaanza kutazama viatu vyangu, jambo ambalo kwenye ukoo wetu halijatokea tangu babu. Kila aliyewahi kuezeka anajua: unaanzia chini, wa juu anamlalia wa chini, maji yanateleza yanakwenda zake. Ukianzia juu, kila kiungo kinafungua mdomo kuelekea juu. Paa la hivyo linakunywa mvua. Kilima cha hivyo kitakunywa watoto.

Nikasema, kwa heshima ya ufundi wangu, kwamba tofauti ni ndogo. Akasema, "Sawa. Aliyelaza ndiye anayeserereka."

Ndugu zangu, nimesikia jikoni yanasemwa mengi kuhusu siku ile, sasa sikilizeni ukweli. Nilifanya utafiti. Nilikaa kwenye mpira kwa hiari, baada ya kusukumwa. Zulia la kwanza nilipita kama mfalme. La pili nilipita kama mfalme aliyepinduliwa. Kwenye la tatu mpira ulisimama, mimi nikaendelea. Mpira ulinikuta chini baada ya dakika nne, ukiwa umeletwa na Alexander. Upande wa nyuma wa suruali yangu ulibaki juu kwenye kiungo, unapepea kama bendera ya nchi ndogo. Wiki nzima nilikula nimesimama. Meneja alikuwa anapiga video, na nimesikia hata wa Igoma wameiona.

Mzee Machibya alikuja kunifunika na koti lake. Halafu akamgeukia Meneja Obedi, hacheki tena. "Mazulia yote yang'olewe, yaanzie chini."

"Mzee, zimebaki siku kumi na mbili. Tubandike gundi kwenye viungo."

"Gundi ikibanduka mtoto yuko katikati ya kilima."

"Wageni wameshaalikwa!"

"Basi wataangalia ziwa. Mimi sisaini."

Meneja akafanya hesabu ya wakubwa. Akasema taratibu, "Mzee wangu, tarehe thelathini na moja wewe unastaafu. Tarehe moja fundi mkuu ni Alexander. Tutasogeza wageni siku moja, Alexander atasaini."

Mzee Machibya hakumtazama Alexander. Alitazama kile kitabu cheusi mkononi mwake, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo. Miaka thelathini na moja, na kazi ya mwisho isainiwe na mtu mwingine, kwenye kitu anachojua ni kibaya. Sijawahi kumwona mtu mkubwa vile akiwa mdogo vile.

Alexander ni kijana mpole, ukimkanyaga anakuomba radhi. Alitazama chini, akatazama koti nililofunikwa, akasema, "Meneja, na mimi nilisaidia kulaza. Nikitaka kusaini, si inabidi kwanza nishuke?" Akaendelea, "Mimi nina suruali mbili tu."

Kicheko kilianzia kwa Dada Teodora kikamfika Meneja mwenyewe. Akashika kichwa. Akasema ng'oeni.

Tuling'oa yote. Tuliyabeba kwenda chini, mia moja na sitini, kwenye mvua, siku tisa. Wapishi walibeba, mlinzi alibeba, Meneja Obedi alibeba mawili akaugua mgongo, tumempa cheti. Zulia la kwanza kabisa, lile la chini, Mzee Machibya alipiga magoti kwenye tope akalilaza mwenyewe, akasukuma maji kwa kiganja kuona yanakwenda wapi. Yakaenda chini. Alhamisi tukafika kileleni.

Mkadhani tumemaliza. Kumbe Meneja alikuwa ameituma ile video yangu kwa watu wa bima, kuonyesha tuko makini. Wakajibu kwa barua: kuanzia sasa mfanyakazi yeyote aliyezidi miaka hamsini na tano haruhusiwi kuserereka. Makalio yangu yametungiwa sheria, wangapi wenu mnaweza kusema hivyo? Ila angalieni fundo lenyewe. Mzee Machibya hasaini kitu ambacho hajakipanda. Hawezi kukipanda, ana miaka sitini na ni mfanyakazi. Akisubiri aache kuwa mfanyakazi, hawezi tena kusaini. Na watoto arobaini wako njiani wanaimba.

Aliyefungua fundo ni Dada Teodora, na hataki nimtaje, kwa hiyo namlazimisha apige chapa sifa zake mwenyewe. Alipekua faili la Mzee Machibya akakuta ana siku za likizo hajazichukua tangu simu zikiwa za kukoroga. Na kanuni ya bichi inasema mfanyakazi aliye likizo akija hapa ni mgeni kama mgeni mwingine, anakata tiketi, na hana ruhusa ya kumwamrisha mtu. Mgeni hana mwisho wa umri. Jana jioni Mzee Machibya ameomba likizo ya nusu saa, ya kwanza tangu 2003 ukiacha ruhusa ya msiba. Meneja ameidhinisha.

Kwa hiyo hotuba zikiisha, saa tano kamili, Mzee anakwenda likizo. Mama Odeta, mkewe, amesema atafumba macho, lakini simu atampa mtu apige picha. Mimi nitampandisha kwa winchi ileile ya pamba. Saa tano na nusu anarudi kazini, na watoto wanasubiri kwenye kamba.

Mzee Machibya, asante kwa boliti zote zilizoiva, kwa misumari ya baa, na kwa lile koti, ambalo sirudishi. Tumekutania miaka yote kwa kuwa hatukuwa na njia nyingine ya kukusifu ukakubali kusimama. Nenda Kiseke ukapumzike. Tunakutakia siku njema na nyingi, paa lisilovuja, na wajukuu wanaouliza kabla ya kuanza. Alexander spana ameshaipokea, tumemwona jana anagonga boliti na kuitegea sikio.

Kitabu cheusi kiko chini ya kilima, kwenye meza, na kalamu iko ndani yake. Ukifika na suruali nzima, tia saini. Ukifika bila suruali, usinitafute. Nitakuwa nimeshakwenda likizo.