Lori la Tongoni Linalokunywa Mafuta ya Nazi

Mgeni rasmi, Bwana Ernesti, Msaidizi wa Mkaguzi wa Magari. Bwana Jumbe wetu, Mzee Mwinyijuma. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Wazee, akina mama na jamaa wote mliojaa uwanja huu: assalaam aleikum. Na wewe mgeni wetu, kwa kuwa ni Mbondei na Mkristo, tunakwambia pia hujambo, habari za njiani, na karibu sana Tongoni.

KARIBU

Sisi wanachama wa Umoja wa Lori la Tongoni, wake kwa waume, leo tuna furaha hata hatujui tuishike wapi. Tumefagia njia tangu barabara kuu mpaka mlango wa msikiti, ingawa tunajua huendi msikitini. Akina mama wamevaa kanga za Idi na Idi bado iko mbali.

Huenda umejiuliza kwa nini tumekualika wewe na tusimwalike mkubwa wa wilaya. Jibu lipo, nasi tutalifikia. Kwa sasa tunasema wazi shida yetu, usije ukachoka kuitafuta katikati ya maneno: tunataka Kombo aendeshe tena. Kombo ndiye dereva wetu, na leseni yake ilichukuliwa mwezi wa Julai mwaka huu wa 1956.

Risala hii inasomwa na Miraji, utingo wa lori letu, kwa sababu sauti yake imezoea kushindana na injini. Maneno tumeyatunga wote, na palipobishaniwa tumewasikiliza akina mama.

HISTORIA YA LORI NA YA KOMBO

Lori letu tulilinunua kwenye shamba moja la mkonge lilipochoka kubeba singa, nyuzi za mkonge. Ni la dizeli, lina sauti ya mtu anayekohoa msikitini, na ubavuni tumeliandika Tawakal. Kombo alijifunza udereva jeshini, vitani Burma, na hapa kwetu ni yeye peke yake mwenye leseni ya kuendesha gari kubwa namna hii.

Masika iliyopita, mvua iliangukia ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani. Matope yakafunga barabara, mapipa ya dizeli yakakwama mjini, na tangi la Tawakal likabaki na unyevu tu wa kuwashia. Siku hiyohiyo Bi Zeyana, mke wa Bwana Marhun mwenye duka, akashikwa na tumbo. Alikuwa amejikunja hawezi kunyoosha mguu, na mwili unamwaka. Kila aliyemwona alijua kuwa asipofika hospitali ya Tanga tutamzika.

Kombo akatoka kwa Marhun amefunga mikono nyuma. Watu walimtazama kama yeye ndiye mwenye dawa. Akapita uani kwa shangazi yake, Bi Semeni, kiongozi wa wanawake wanaokamua nazi, akamkuta anachuja mafuta. Ndipo lilipomjia neno la fundi mmoja wa jeshini, kwamba injini ya dizeli haichagui sana, inachotaka ni mafuta yanayowaka. Wakati ule walilicheka. Sasa Kombo hakucheka.

"Shikamoo, shangazi. Nipe madebe mawili ya hayo."

"Marahaba. Unakaanga nini mchana huu na watu wamefunga?"

"Nalinywesha lori."

Bi Semeni akamtazama kichwani, kisha miguuni. "Kombo mwanangu, daku umekula kweli? Maana naona njaa imekupanda."

"Zeyana anakufa, shangazi."

Hakuuliza tena. Akavua mtandio wake, akaukunja mara nne, akayachuja mafuta upya ili mashapo ya tui yasibaki, na Miraji akapokea debe la kwanza.

Kombo aliwasha kwa ile dizeli ya mwisho, akaacha injini ipate moto, ndipo akafungulia mafuta ya nazi. Lori likakohoa, likanyamaza kidogo, na Kombo anasema katika kunyamaza kule alisikia mate yakimkauka kuliko saumu inavyokausha. Halafu likavuma. Likavuma laini, kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake. Kombo akacheka peke yake ndani ya kebini, na Miraji akacheka bila kujua wanacheka nini.

Njiani tulilisukuma kila lilipokwama matopeni, na Bi Zeyana alifika hospitali, akapasuliwa, akapona. Ni yule pale mstari wa mbele mwenye buibui jipya, na amekataa kukaa nyuma ingawa tulimwambia viti vya mbele ni vya wazee.

MAFANIKIO

Tangu siku ile hatukungoja tena pipa la mtu. Mafuta yetu ni ya minazi yetu. Tulipeleka nazi na samaki mpaka Pongwe, tukarudi na mahindi, na mafuta ya kwenda na kurudi tumeyabeba wenyewe. Wanawake waliokuwa wakikamua nazi kwa ajili ya kitoweo na nywele wakawa ndio wenye safari. Bila wao Kombo haondoki. Bi Semeni akaanza kukaa mbele, na mwanamume atakaye kiti hicho ajaribu kukiomba.

Hatukukosa visa. Moshi wa Tawakal unanukia maandazi. Basi hebu fikiri, mgeni rasmi, ni Ramadhani, saa tisa mchana, watu wamekauka midomo, na lori linapita taratibu mbele ya baraza zao likinukia maandazi yanayotoka kwenye karai. Watu wa Pongwe walitoka nje kumtafuta huyo anayekaanga mchana. Mzee mmoja akalifuata lori kwa bakora. Mwisho wakaleta mashtaka hapa kwetu, wakiuliza kama aliyevuta moshi huo saumu yake ni nzima.

Mwalimu wetu wa chuo akafikiri sana, akasema, "Saumu ni nzima. Lakini kuwatesa watu hivi si uungwana." Tangu hapo, mpaka mwezi wa mfungo ulipokwisha, Kombo alisafiri asubuhi mapema, kabla matumbo hayajaamka. Hatujui kama kuna lori lingine lililowahi kupelekwa mbele ya mwalimu wa chuo.

MATATIZO

Tatizo letu ni moja, nalo lilitokea Usagara, pale Tanga mjini.

Kila mwanamke wa pwani anajua kwamba kipupwe kikiingia, mafuta ya nazi yanaganda. Chupa ya mafuta ya nywele huanikwa juani asubuhi ndipo yamiminike. Kombo hana nywele, na labda ndiyo maana hakukumbuka. Asubuhi hiyo ya Julai alipitisha mzigo mjini, akazima lori Usagara ili ashushe magunia, na upepo wa baridi ukavuma. Aliporudi kuliwasha, likakataa kuwaka, nalo limeziba njia. Mafuta yalikuwa meupe ndani ya bomba, magumu kama samli.

Magari yakaanza kupiga honi. Akina mama waliokuwa juu ya lori wakaanza kumpa ushauri, wote kwa pamoja. Bi Semeni akateremka, akaazima seredani yenye makaa kwa muuza mahindi, maana ndivyo tunavyoyayeyusha nyumbani. Kombo, jasho linamtoka na baridi ile, akaisukuma chini ya tangi.

Hapo ndipo afisa wa magari alipotokea na baiskeli yake.

"Wewe! Unataka kuuchoma mji?"

"La, bwana. Nayayeyusha tu."

"Unayeyusha nini?"

"Mafuta ya kupikia, bwana."

Afisa akaona anafanyiwa mzaha mbele ya watu. Akaitaka leseni, akaitia mfukoni, akaagiza lori livutwe kwa kamba mpaka kwetu. Hatumlaumu. Mtu anayeona moto chini ya tangi la gari hawezi kusimama akauliza habari za nazi. Kosa la seredani ni letu sote, na muuza mahindi ametuomba tusimtaje zaidi ya hapo.

Lakini tangu siku hiyo Tawakal limekaa chini ya banda. Madereva wa mjini tuliowaita walikuja wakanusa, wakasema hawaendeshi karai. Akina mama wamerudi kubeba nazi kichwani mpaka barabara kuu. Na Kombo, ambaye alikuwa hakai kimya hata anapokula, haji tena barazani. Kila Ijumaa analiosha lori lile lisilokwenda popote, analipangusa vioo, kisha anakaa kwenye usukani mikono iko mapajani. Bi Semeni alimfuata akamwambia, "Njoo ule." Akamjibu, "Shangazi, mimi bila hiki ni nani?" Tunalisema hapa kwa sababu lilituuma.

Hakukaa bure, hata hivyo. Amefunga tangi dogo la dizeli kwa ajili ya kuwashia na kwa ajili ya kusafishia bomba kabla ya kuzima. Bomba la mafuta ya nazi amelizungusha kwenye bomba la maji ya moto linalotoka kwenye injini, kwa hiyo mafuta yanafika yamekwisha kuyeyuka. Tumelijaribu chini ya banda asubuhi za baridi, mfululizo, na halijazima. Siku ya kwanza lilipowaka hivyo, wanaume wazima walikumbatiana, na Mzee Mwinyijuma akaisahau bakora yake palepale bandani.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tungeweza kuomba daraja. Tungeweza kuomba zahanati. Yote tunayahitaji, nayo tutayaomba kwa wanaohusika. Kwako tuna ombi moja.

Afisa yule wa Usagara ni wewe. Tumekuita "afisa" tu mpaka hapa kwa kuwa si adabu kumweka mgeni kwenye kisa mbele ya umati naye hajala. Sasa tumefika na hatuna pa kupitia. Wakubwa wengine hawajamwona Kombo na ile seredani. Wewe ulimwona, na aliyemwona siku yake mbaya ndiye tunayetaka amwone leo.

Kwenye barua ya mwaliko tulikuomba uje na leseni ile ili tuizungumze, nawe ukatujibu kwa wema kwamba utakuja nayo. Hatukuombi uturudishie kwa kutuonea huruma. Tunakuomba umkague. Kaa kushoto kwake, Bi Semeni amekubali kukuachia kiti leo tu, akupeleke kwa mafuta ya nazi mpaka mlangoni mwa ofisi yako. Msimame Usagara palepale, azime, mkanywe kahawa, kisha awashe. Likikataa, leseni kaa nayo moja kwa moja, na sisi tutaliuza Tawakal kwa vyuma. Hilo tumelipitisha sote, na Kombo ndiye aliyenyanyua mkono wa kwanza.

Limebaki jambo dogo. Gari lililokuleta limekwisha kurudi mjini. Dereva wako tulimlisha, tukampa samaki na nazi, tukamwambia una usafiri mwingine. Tafadhali usimkemee, ametuamini. Kwa hiyo, mgeni wetu, kutoka Tongoni leo gari ni moja. Linanguruma pale chini ya banda, na Kombo aliyekwisha kuliwasha amesimama mlangoni pake amevaa kanzu yake ya Idi, hataki hata kuugusa usukani, kwa sababu anasema yeye ni mtu wa sheria na leseni hana.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akuzidishie cheo, awalinde watoto wako, na akufikishe nyumbani salama kabla giza halijaingia.

Ni sisi,
Umoja wa Lori la Tongoni, pamoja na Wanawake Wakamuao Nazi.