Siku Wazee Waliposubiri Ugali Wangu Ndani ya Moshi

Wapendwa, asanteni kwa kunipa nafasi. Mwinjilisti ameniomba niseme kwa ufupi, nami nimemwambia aniombee, maana kwa nguvu zangu mwenyewe siwezi. Nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyoniokoa na moshi. Naona wengine mnacheka. Chekeni tu, hata mimi sasa nacheka, lakini moshi huo nusura uniondoe kwenye nyumba niliyoolewa.

Wa hapa Kisesa mnakumbuka tulipoitwa wote kwenda kufyeka pori ili mbung'o waishe. Tulifyeka kweli. Mbung'o wakaisha, na kuni zikaisha pamoja nao. Mimi mjane, kufuata kuni mpaka kule Buswelu magoti yalikataa. Nikafanya kama wengi wenu mlivyofanya, nikaanika mavi ya ng'ombe nikawa napikia. Yanawaka vizuri, sisemi uongo, ila moshi wake ni mzito na unauma kama pilipili.

Na nilipikia wapi? Ndani, pale pale alipopikia mama mkwe wangu. Nyumba ya msonge, mlango mmoja wa kuinamia, dirisha hakuna. Tuliambiwa moshi unafukuza mchwa kwenye paa na wadudu kwenye mtama, na ni kweli unawafukuza. Mdudu ana akili, anaondoka. Mimi nilibaki. Nikishapika nawasha koroboi, nayo inatoa moshi wake mweusi, na asubuhi nikipenga kamasi naona masizi matupu.

Macho yakaanza kuwasha, yakawa mekundu, yakabaki hivyo. Kifua nacho kikabana, nikikohoa kuku wanashtuka. Ndugu zangu, mnajua kwetu mwanamke mtu mzima mwenye macho mekundu anaitwaje. Neno lenyewe silitamki humu kanisani. Watoto waliozoea kuja kuniomba karanga wakaanza kupita njia nyingine. Nikifika kisimani, wenzangu wanakumbuka ghafla kwamba wameacha kazi nyumbani. Nilikuwa nalia, na nikilia macho yanazidi kuwa mekundu. Sasa ufanyeje?

Hapo ndipo ndama wa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, wakaanza kufa. Shemeji huyo yumo humu. Simtaji jina, lakini mtamtambua, ndiye anayetazama miguu yake. Si mtu mbaya, alikuwa na hofu kwamba ni macho yangu yanayowaua. Akaita wazee wa ukoo waje waamue kama nibaki au niondoke. Wazazi wangu walikwisha kufa zamani. Niondoke niende kwa nani? Nililala na swali hilo na kuamka nalo.

Wakati huo mwanangu alikuwa ameoa binti wa wavuvi wa Mara. Alipofika tu, aliinama mlangoni kwangu akakohoa, akasema, "Mama, kwetu tunakausha samaki kwa moshi. Samaki tunamweka kwenye moshi, sisi tunakaa nje. Wewe umejiweka mahali pa samaki." Nilimkasirikia sana. Nikamwambia mafiga yangu yako hapo tangu nilipoolewa, na mgeni hawezi kuyahamisha.

Siku ya kikao wazee walifika, wakaketi pale shikome, kwenye moto wa uani ambapo wanaume wetu huota na kula. Nawaambia, shida yote ilikuwa hapo. Mwanaume wa kwetu akishakuwa mkubwa chakula anapelekewa shikome. Moshi wa ndani anausikia kwa jina tu. Kikao hakijakolea, mvua ya ziwani ikashuka. Wote wakakimbilia ndani kwangu.

Mkwe wangu akanitazama, akasema taratibu, "Mama, wazee hawawezi kusema na njaa. Tupike."

Na mnajua desturi. Mzee aliyekuja kwenye shauri hatoki kabla ya kula, ni kuitukana nyumba. Mavi yale yalikuwa yameguswa na mvua. Nikayawasha hivyo hivyo.

Maji hayajachemka, mzee wa kwanza akakohoa. Halafu mwingine. Shemeji akasema, "Shemeji, fungua mlango."

"Mvua inaingia," nikamjibu. "Vumilia kidogo, ugali haujaiva."

Mzee wao mkuu aliinamisha kichwa mpaka karibu na sakafu, machozi yanapita kwenye ndevu. Hakuna aliyetoka, heshima imewafunga. Mungu anisamehe, sijapata kusonga ugali polepole kama siku ile.

Mvua ilipokata walitoka mbio, hata wale wa fimbo. Mkwe wangu akawafuata na maji ya kunawa kwenye kibuyu, akapiga magoti. "Shikamooni wazee wangu. Kabla hamjanawa, naomba mtazamane."

Wakatazamana. Macho yao yote yalikuwa mekundu. Mzee mkuu akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa tena. "Basi tujifukuze wote," akasema. "Sisi tumekaa humo kwa ugali mmoja tu. Huyu mama amekaa humo tangu tulete ng'ombe wa mahari."

Shemeji hakucheka. Alikuwa analia, na moshi ulikuwa umekwisha. Akasema, "Shemeji, nisamehe." Nikamsamehe pale pale, kisha nikampakulia ugali.

Kesho yake alikuja na miti, akanijengea jiko la nje lenye paa na ukuta wa kiunoni, hewa inapita. Nyumba akaitoboa dirisha. Mafiga niliyahamisha kwa mikono yangu. Sasa mavi nayakausha mpaka yakauke kweli, na koroboi naizima mapema. Mganga wa zahanati alinipa dawa ya macho, na leo natunga uzi kwenye sindano bila kuomba msaada. Ndama nao, bwana mifugo alisema ilikuwa homa ya kupe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mkwe wangu aliyenivumilia, na wazee waliokubali kucheka badala ya kuona haya. Nawashukuru hata ninyi wa kisimani, maana mlirudi. Ninalowaachia ni hili: kabla hujamhukumu mwenzako, kaa jikoni kwake mpaka ugali uive.

Nina neno la mwisho. Yuko mama mmoja humu, amekaa nyuma, amejifunika nguo mpaka usoni. Simtaji. Mama, najua kwa nini umejifunika, na najua benchi lako lina nafasi kwa sababu gani. Nikitoka hapa mbele nakuja kukaa hapo na wewe. Na ninyi kina baba, kesho mtusubiri kwake, mje na miti.