Shamba Lililo Chini ya Bwawa

Risala ya wakazi wa mlimani kwa Mhandisi Mkuu wa Maji, siku ya kufungua mtambo wa kusafisha maji

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mhandisi Mkuu wa Maji. Mheshimiwa diwani wetu. Viongozi wote mlioketi meza kuu. Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mliopanda juu ya ukuta wa bwawa ingawa mmekatazwa:

UKARIBISHO

Sisi wakazi wa mlima huu tunakukaribisha kwa mikono miwili. Itifaki inatutaka tukuite mgeni, nasi tunaitii. Lakini wanawake wanaopika kule nyuma wameuliza, "Mgeni gani huyu ambaye sisi wenyewe tulimfunga nepi?" Uliondoka hapa ukiwa mwanafunzi wa uhandisi mwenye begi moja la kitambaa, na leo umerudi na msafara wa magari. Tunamshukuru Mungu aliyekutunza njia yote hiyo.

Kuna jambo dogo la kuweka wazi. Mama yako mzazi, ambaye ni diwani wetu mstaafu, alipangiwa kiti meza kuu akakikataa. Amekaa kule kati ya dada yako mkunga na fundi baiskeli. Tangu juzi alikuwa akitaka aione risala hii kabla haijasomwa. Tulimwambia printa imeharibika. Printa ni nzima.

HISTORIA YA MLIMA HUU

Maofisa uliofuatana nao hawaijui historia yetu, na wewe mwenyewe sehemu yake ilitokea hujazaliwa. Utuvumilie tukiisimulia.

Mlima huu ulikuwa mawe na miiba. Kila mvua iliponyesha, udongo kidogo uliokuwepo uliteremka mtoni na kutuachia mifupa ya mlima. Aliyekuwa na uwezo alihamia tambarare. Ndipo wakaja mwashi mmoja na mkewe, wazazi wako mheshimiwa, wakiwa na binti mchanga mgongoni. Tambarare hawakuwa na ndugu wa kuwapa hata kipande. Wakaomba mteremko. Wazee wa wakati huo waliwapa huku wanacheka, kama mtu anayempa mwenzake kitoweo kilichobaki mifupa.

Mwashi alipasua mawe, mkewe akayapanga. Walijenga kuta za kukinga udongo, ukuta juu ya ukuta, kukatiza mteremko mzima, kisha wakapanda na udongo wa mtoni kwa vikapu kujaza nyuma ya kila ukuta. Wapita njia waliuliza, "Nyie, hiyo ngazi mnayojenga ni ya kwenda wapi?" Yule mama, bila kuinua mgongo, aliwajibu, "Ya kwenda kula." Tangu siku hiyo akaitwa Mama Ngazi, na jina lake la nyumbani likabaki kwa watu wa nyumbani.

Msimu wa kwanza mvua kubwa ilizibomoa kuta na kuyabeba mahindi yote. Majirani walikwenda kuwapa pole. Waliwakuta wamesimama matopeni, mume na mke, hawalii. Walikuwa wanachunguza pale maji yalipopenyea.

"Tumeyazuia," mwashi alisema. "Tulitakiwa kuyapitisha."

"Basi tuyaachie mlango," mkewe akasema.

Wakaanza upya. Zile nafasi ndogo mnazoziona leo katika kila ukuta wa mlima huu, hata kuta zilizojengwa na watu ambao hawakuwahi kumwona mwashi, ndiyo hiyo milango ya maji.

Chini kabisa, kando ya mto, walipata kipande cha tambarare chenye udongo mweusi. Wakakiita shamba la chini. Hapo ndipo jiwe lilipomteleza mwashi alipokuwa akitengeneza ukuta, likamwangukia. Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza shule, mheshimiwa. Tulimzika pembeni mwa shamba hilo, mahali alipopenda kukaa akipumzika.

Tulidhani mjane atafunga mizigo yake. Matanga yalipokwisha, tulisikia nyundo ikigonga mlimani. Tulipotoka kuangalia, tulimwona Mama Ngazi ameshika nyundo ya mumewe, amekaa jinsi mumewe alivyokuwa akikaa, anapasua jiwe. Kuanzia hapo hakuna aliyecheka tena. Mmoja mmoja tulimwendea tukamwambia, "Dada, tufundishe."

MAFANIKIO

Mheshimiwa mgeni rasmi, mafanikio ya mlima huu hatuwezi kuyataja bila kumtaja diwani aliyetuongoza.

Alipogombea udiwani, mpinzani wake alikuja na vipaza sauti na fulana za bure. Tulizivaa, hatukatai, kitu cha bure hakina adui. Zamu ya Mama Ngazi ilipofika, alisema, "Mimi sina ahadi. Nendeni mkaziangalie kuta zangu, halafu mpige kura." Akashuka jukwaani. Tulikwenda kupiga kura tumevaa fulana za mwenzake, tukamchagua yeye.

Siku yake ya kwanza kwenye baraza la madiwani, mlinzi wa geti alimwona na mabuti yenye udongo, akadhani ni muuza mboga. Akamwelekeza mlango wa nyuma. Mama Ngazi akazunguka, akapita jikoni, akawasalimia wapishi, akaingia ukumbini na kuketi kwenye kiti chake. Mlinzi alipokuja mbio kuomba radhi, alimjibu, "Usijali mwanangu, umenionyesha njia ya karibu na chai."

Ofisi yake ilikuwa shambani. Mwenye malalamiko alipokewa vizuri, kisha akapewa jiwe la kubeba wakati anaeleza. Wengi wetu tuligundua kwamba malalamiko yetu yalikuwa mepesi kuliko jiwe. Yale mazito aliyafikisha barazani, na hakurudi mikono mitupu. Ndiyo maana shule ina paa, zahanati anayofanyia kazi dada yako ina vitanda, na mto unavukwa kwa daraja.

Kisha ukaja ukame. Mto ulikauka, tukawa tunafukua mchanga kutafuta maji ya kunywa. Wapimaji waliotumwa na serikali walipata sehemu mbili tu zinazofaa bwawa. Ya kwanza ilikuwa ng'ambo ya mlima, na ingewahamisha watu wa kule nyumba kwa nyumba. Watu ambao, tuseme ukweli, hawakuwahi kumpa Mama Ngazi hata kura moja. Ya pili ilikuwa hapa tuliposimama. Ingelifunika shamba la chini, pamoja na kaburi.

Kikao kilifanyika uwanja wa shule, watu wamejaa hadi madirishani. Mama Ngazi alisimama. Tunayakumbuka maneno yake kama yalivyotoka kinywani: "Ng'ambo kuna watu walio hai. Hapa kwangu kuna mahindi na mume wangu. Mume wangu nitazungumza naye mwenyewe." Akanyoosha mkono kulipigia kura bwawa.

Mheshimiwa, sisi tumeshuhudia mengi kwenye mlima huu. Hatujaona kitu kikubwa kama mkono ule. Mwenyekiti alisahau kuhesabu kura.

Wewe ulikuwepo, likizoni. Ulisimama mbele ya umati ukasema, "Mama, unamzamisha baba ili upate kura?" Jioni ile ulibeba begi lako ukaondoka. Hatuyasomi haya kukusuta. Mtoto anayempenda baba yake husema hivyo, na sisi wengine moyoni tulikuwa upande wako.

Bwawa lilijengwa. Tangu hapo mto wetu haujakauka. Watu wa ng'ambo wamebaki majumbani mwao, na leo wako hapa, ndio walioleta viti mlivyokalia.

CHANGAMOTO

Ya kwanza ni tope. Miteremko ya juu ambayo bado haijajengewa kuta inamwaga udongo bwawani kila masika, na kina kinapungua.

Ya pili ni barabara. Wakati wa mvua gari la wagonjwa huishia darajani, na mama mjamzito humalizia safari kwa machela. Dada yako anaweza kukueleza vizuri kuliko sisi.

Ya tatu, kamati ilibishana sana kama ni changamoto au la. Ni Mama Ngazi. Magoti yamechoka, lakini kila asubuhi anapanda hadi ukuta wa juu kabisa peke yake. Ukijitolea kumsindikiza anakuuliza kama umekosa kazi. Bwawani haji, leo ndiyo mara ya kwanza tangu maji yajae. Jina lako halitaji. Ila redio ikilitaja, anasema, "Hebu nyamazeni," na nyumba nzima inanyamaza mpaka habari ziishe.

Mwaka jana alipita hapa dereva aliyewahi kukuendesha kazini. Alitusimulia kwamba popote unapotumwa kujenga bwawa, kabla hujafungua ramani, unawauliza wenyeji makaburi yao yako wapi. Mama Ngazi alikuwa anabangua maharage. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Anafanya vizuri." Kisha akaendelea kubangua, maharage anayatupa, maganda anayaweka kwenye sufuria.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba ofisi yako itupe miche ya miti, nyundo na matoroli ya kujengea kuta kwenye miteremko ya juu. Mikono tunayo na ufundi tunao.

Pili, tunaomba utusemee kwa wenzako wanaohusika na barabara.

Ombi la tatu haliendi ofisini. Linakwenda kwako, mwana wa mwashi.

Ulipoondoka, na kabla mashine hazijafika, mama yako aliwaita waashi waliofanya kazi na baba yako wakashuka naye shamba la chini. Wakalifungua kaburi kwa heshima zote. Akaifunga mifupa ya mumewe ndani ya shuka mpya, akaibeba mwenyewe mikononi, akaanza kupanda. Tulimfuata, tukamwomba tumpokee. Akasema, "Alinibebea mawe miaka yote. Acheni nimbebe leo." Akapanda ukuta baada ya ukuta, anapumzika, anaendelea, sisi nyuma yake. Akamzika nyuma ya ukuta wa juu kabisa, ambao waliujenga pamoja.

Baada ya hapo alitugeukia, sisi na binti yake, akatupa sharti. "Msimwambie. Akiambiwa, atakuja kwa ajili ya kaburi. Mimi nataka aje."

Hapa petu, kuku akitaga kwa jirani mtaa mzima unajua kabla ya mwenye kuku. Lakini hili tulilishika. Dada yako alilishika kwa machozi.

Leo umekuja, na hakuna aliyekuambia. Mama Ngazi, tunajua sasa hivi unatukazia macho. Tunaomba radhi, mama yetu. Ulitukataza kumwambia kabla hajaja. Hukutukataza kumwambia akishafika.

Mheshimiwa, baba yako hayumo majini. Yuko kule juu, mahali pakavu, na shamba lote liko chini yake.

Tunaomba ukishakata utepe, kabla ya chakula, upande na mama yako. Njia ni nyembamba, msafara ubaki hapa. Maofisa tutawalisha na hawatajutia. Nendeni wawili, na dada yako mkunga akiweza kujizuia asiwafuate, tutampa zawadi.

Pale njia inapoanza kuwa kali, mnyooshee mkono. Atakuambia ana miguu yake. Usiuondoe.

Mungu akubariki wewe na kazi ya mikono yako, ambariki aliyekuzaa, na ayajalie maji haya yawafikie waliopo na watakaokuja.

Ni sisi,
Wakazi wa mlimani na wa ng'ambo, watumiaji wa maji ya bwawa.